Malisho Yanapolimwa: Somo la Nyasi, Kilima na Mnyama Aliyefungwa



Katika Suratu 'Abasa mwanadamu anaamrishwa akitazame chakula chake. Zinatajwa nafaka na zabibu, mizeituni na mitende, bustani zilizosongamana, matunda, kisha linakuja neno fupi ambalo wengi wetu hulipita bila kusimama: abb. Umar bin al-Khattab (r.a.) alisimama. Imepokewa kwamba aliisoma sura hiyo juu ya mimbari, akauliza abb ni nini, kisha akaikemea nafsi yake kwa kujikalifisha. Ibn Kathir anafafanua kwamba Umar hakukosa kujua kuwa ni mmea wa ardhini. Alitaka kujua ni mmea gani hasa. Ibn Abbas (r.a.) alilifasiri kuwa ni mimea ambayo wanyama wanaila na watu hawaili. Sisi tungesema malisho. Na aya inayofuata inawaweka watu na mifugo yao pamoja katika neema hiyo.

Somo la leo linahusu abb inayolimwa: nyasi na mimea ambayo mtu anaipanda kwa makusudi, anaikata, anaifunga mzigo, anaibeba kichwani na kumpelekea mnyama zizini. Kwa mwanafunzi anayeishi Bujumbura na kula nyama ya mshikaki jioni, jambo hili linaweza kuonekana la watu wa kijijini. Lakini maji ya mvua yanayoteremka kutoka vilimani hadi Buyenzi, Kamenge na Buterere yamepita kwanza kwenye mashamba hayo, na kilichopandwa huko juu ndicho kinachoamua yafike hapa chini yakiwa maji au yakiwa tope.

Sheria na hesabu ya ng'ombe mmoja

Tarehe 4 Oktoba 2018 Burundi ilipata sheria inayoamuru mifugo yote ifugwe zizini na kukataza wanyama kuzurura, hata kuku. Wafugaji walipewa miaka mitatu ya kujiandaa, na Oktoba 2021 sheria ikaanza kutumika. Sababu zake zinaeleweka. Nchi ina kilomita za mraba 27,834, ziwa likiwa ndani yake, na watu zaidi ya milioni 12. Ng'ombe anayeachwa atembee anakula mahindi ya jirani, anakanyaga matuta, anaacha samadi njiani badala ya shambani, na jioni watu wanapelekana kwa wazee wa kilima kushitakiana.

Katika nchi ambayo salamu ya asili ya Kirundi, amashyo, ni kumtakia mwenzako makundi ya ng'ombe, kumfunga ng'ombe si jambo dogo. Lakini tuache hisia, tufanye hesabu, kwa sababu mnyama aliyefungwa hawezi kwenda kujitafutia.

Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji kilo 10 hadi 12 za majani makavu kwa siku. Mabingobingo, yale majani marefu yanayofanana na miwa, yakiwa mabichi yana maji mengi. Sehemu kavu ni kama moja ya tano tu. Kwa hiyo ng'ombe huyo anataka kilo 50 hadi 60 za majani mabichi kila siku, Ijumaa na Idi zikiwemo. Tuchukue 50. Kwa mwaka ni kilo 18,250, zaidi ya tani 18. Shamba la mabingobingo la mkulima mdogo likitoa tani 16 za majani makavu kwa hekta kwa mwaka, yaani tani 80 mabichi, ng'ombe mmoja atamaliza karibu robo hekta. Na familia nyingi za vijijini kwetu zinalima nusu hekta, wengine hata hiyo hawana.

Nusu ya shamba kwa ng'ombe mmoja! Maharage yatapandwa wapi? Mihogo? Hapa ndipo tafsiri ya Ibn Abbas inapopata uzito mpya. Abb ni kile ambacho watu hawaili. Nyasi inayoota pale ambapo jembe halifai ni chakula kilichoongezeka duniani, kwa kuwa mnyama anageuza kisicholiwa kuwa maziwa. Nyasi iliyopandwa mahali pa maharage imekwishaondoa chakula mezani kabla ng'ombe hajatoa hata kikombe kimoja.

Tukiulizwa, basi, kama kulima malisho kunaharibu mazingira au kunayatengeneza, jibu haliko ndani ya nyasi yenyewe. Uliza kwanza palikuwa na nini kabla yake. Uliza maji yake yanatoka wapi. Kisha fuatilia samadi, ujue imeishia wapi. Nyasi ileile, kwa majibu tofauti, inaweza kuwa dawa au sumu. Mfano mzuri kuliko yote umetoka hapahapa kwetu.

Nyasi iliyohama Cibitoke

Kati ya mwaka 1984 na 1985 wakusanyaji wa mbegu walizunguka Afrika Mashariki wakitafuta nyasi za malisho kwa ajili ya CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo cha nchi za joto kilichoko Colombia. Katika eneo la Cibitoke, ambalo leo limo ndani ya mkoa mpya wa Bujumbura, walichukua nyasi ya jamii ya brakiaria ambayo kwa wenyeji ilikuwa jani kama majani mengine. Ikapewa namba, ikavuka bahari, ikapandwa katika vitalu vya majaribio na kulinganishwa na nyingine nyingi. Mwaka 2000 ilitolewa rasmi kwa wakulima wa Costa Rica kwa jina la Toledo. Mwaka 2003 shirika la utafiti wa kilimo la Brazil, Embrapa, liliitoa kwa jina la Xaraés. Mtoto wa Cibitoke sasa ana jina la Kihispania na jingine la Amerika ya Kusini, na mbegu zake zinauzwa kwa kilo. (Wanafunzi wa sheria wataona hapa swali la nani anafaidika na mbegu ya nani. Tunawaachia wao.)

Haikuwa ya kwanza kusafiri. Ndugu zake wengine wa brakiaria walitangulia kutoka Uganda na Zimbabwe, na leo nyasi za jamii hii zimefunika makumi ya mamilioni ya hekta nchini Brazil. Zilipendwa kwa sifa zilezile ambazo Mwenyezi Mungu alizijaalia huku kwetu: mizizi mirefu, uvumilivu wa kiangazi, na kuchipua haraka baada ya kuliwa. Katika Afrika zimeliwa na nyati, pundamilia na ng'ombe kwa karne zisizohesabika, kila moja ikishindana na majani mengine mia. Huko hazikukuta mshindani wala mlaji wa kuzizuia. Zilipopandwa mahali pa msitu wa Amazon uliokatwa na kuchomwa, hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya miti ilikwenda angani, na nyasi ile nzito ikaizuia miche ya msitu isirudi. Sehemu kubwa ya ardhi iliyofyekwa Amazon imeishia kuwa malisho ya ng'ombe. Katika mbuga za Cerrado brakiaria imetoroka mashambani na kuingia hifadhini, ikasonga maua na majani ya asili ambayo hayapatikani kwingine.

Basi nyasi ni ileile. Cibitoke ilikuwa sehemu ya kilima. Brazil ilikuja baada ya shoka na moto. Mwanadamu ndiye aliyechagua palipopandwa. Suratu Rum inapozungumzia uharibifu uliodhihiri bara na baharini, inautaja kuwa umechumwa na mikono ya watu.

Na nyasi hizi zina faida ambayo tusiifiche kwa sababu ya Brazil. Mwaka 2009 watafiti wa Japani wakishirikiana na CIAT walitangaza kuwa mizizi ya brakiaria moja hutoa kemikali inayopunguza kasi ya vijidudu vya udongo vinavyogeuza nitrojeni kuwa naitreti. Maana yake kwa lugha ya shambani: mbolea inakaa ardhini kwa muda mrefu zaidi, haikimbilii mtoni, na gesi ya oksidi ya nitrasi inayopanda angani inapungua. Sasa aina zilizoboreshwa Amerika ya Kusini, kama Mulato II, zimerudishwa na kupandwa Kenya na Rwanda. Msafiri amerudi kwao, na safari hii anakuta kilima kinachomhitaji.

Maji ya kale yaliyogeuka maziwa

Kabla hatujapanda kilima hicho, tupite Saudi Arabia kwa swali la pili, la maji, maana huko jibu liliandikwa wazi kuliko popote.

Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 Saudia iligeuza sehemu za jangwa kuwa mashamba ya duara, yale yanayoonekana hata kutoka angani. Yalinyweshwa maji ya kina kirefu, mvua iliyonyesha maelfu ya miaka iliyopita, ambayo mvua ya leo hairudishi. Sehemu kubwa ya mashamba hayo ilikuwa alfalfa, jani ambalo Waarabu huliita barsimu, kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa waliowekwa kwenye mabanda yaliyopozwa. Katika joto lile hekta moja ya alfalfa inaweza kunywa zaidi ya mita za ujazo 20,000 kwa mwaka. Ukitaka kupima, mvua yote inayonyesha juu ya hekta moja hapa Bujumbura kwa mwaka, takriban milimita 800, ni mita za ujazo 8,000.

Hesabu haikuweza kuendelea. Serikali iliacha kununua ngano ya ndani mwaka 2016, na mwaka 2015 ilikwishaamua kuwa kilimo cha majani mabichi ya mifugo kisimamishwe hatua kwa hatua. Je, ng'ombe waliacha kula? La. Kampuni ya maziwa ya Almarai ilikuwa imenunua mwaka 2014 karibu hekta 4,000 za ardhi huko Arizona, Marekani, nako ni jangwa, ikalima alfalfa kwa maji ya chini ya ardhi na kuisafirisha kwa meli. Wenyeji waliona visima vyao vikishuka, wakalalamika, na Oktoba 2023 gavana wa Arizona, Katie Hobbs, alitangaza kusitisha mikataba ya ukodishaji wa ardhi ya jimbo katika bonde la Butler.

Simulizi hili tusilitumie kuwasema Waarabu; wakulima wa Kimarekani wenyewe wanalima alfalfa hiyohiyo katika majangwa yao na kuiuza China na Japani. Fundisho lake ni kwamba tita la majani makavu linapovuka bahari, limebeba ndani yake mto wa mtu mwingine. Sisi tunaolishia mvua tuna neema ambayo fedha ya mafuta haikuweza kuinunua.

Mistari juu ya mji

Turudi nyumbani. Mashariki ya Bujumbura ardhi inapanda ghafla kutoka tambarare ya Imbo hadi kilele kinachogawa maji ya Kongo na Nile. Mteremko huo unaitwa Mumirwa, na ni katika miteremko mikali inayolimwa zaidi nchini. Mvua kubwa ikipiga udongo mtupu pale, inashuka nao. Ntahangwa inachimba kingo zake na kula viwanja vya watu katikati ya mji. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 maji na tope viliingia Kamenge, Kinama na mitaa ya jirani, na watu zaidi ya 60 walifariki, Allah awarehemu. Sababu zilikuwa nyingi, ikiwemo ujenzi kwenye mikondo ya maji, lakini tope lile halikuzaliwa mjini.

Linalobaki huishia Tanganyika. Kando ya ziwa, samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe hula mwani unaoota juu ya mawe hayo. Udongo unapoyafunika, chakula kinafukiwa na maficho yanaziba. Watafiti waliolinganisha fukwe za kaskazini mwa ziwa waliona kwamba penye mashapo mengi kutoka vilima vilivyofyekwa, aina za viumbe ni chache.

Dawa ya Mumirwa inajulikana tangu zamani: mitaro inayokata mteremko, na juu ya ukingo wa mtaro mstari wa nyasi yenye mizizi mingi. Hapo ndipo mabingobingo, setaria, majani ya Gwatemala na brakiaria zinapokuwa rehema. Mstari unapunguza mbio za maji, unanasa udongo, na baada ya miaka kadhaa unaanza kujenga ngazi wenyewe. Na kwa kuwa ukingo haukuwa na maharage, swali letu la kwanza limejibiwa vizuri: nyasi imechukua mahali pa udongo uliokuwa ukiondoka.

Tupige hesabu tena, kwa unyenyekevu. Mstari wa mita 100 wenye upana wa nusu mita ni mita za mraba 50. Kwa kiwango chetu cha tani 80 kwa hekta, utatoa kilo 400 za majani mabichi kwa mwaka. Kwa ng'ombe wetu hizo ni siku 8 tu. Lakini mbuzi anayekula kilo 4 na nusu kwa siku atakaa nazo karibu siku 89, kwa hiyo mistari minne kama hiyo inamtosha mbuzi mmoja karibu mwaka mzima. Kwa maoni ya mwandishi, hesabu hii inasema jambo ambalo miradi mingi ya mifugo huchelewa kulisema: kwa familia yenye nusu hekta mlimani, mbuzi wawili waliolishwa vizuri ni bora kuliko ng'ombe wa kizungu mwenye njaa. Ng'ombe mwenye njaa hutafutiwa majani popote, na popote huwa ni ukingo wa Kibira au bondeni kwenye kinamasi, mahali ambapo palistahili kuachwa.

Wakulima wengi hawaipendi mistari, na wana hoja. Mabingobingo ni mlafi. Mstari wa kwanza wa maharage ulio jirani naye hudhoofika. Ndiyo maana inafaa kuyakata mapema na mara kwa mara, na kuchanganya mimea mingine. Kaliandra, mti mdogo wenye maua mekundu, hujitengenezea nitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, na majani yake yana protini nyingi. Kuchanganya kuna faida nyingine pia. Nchini Kenya na Uganda mabingobingo yalishambuliwa na ugonjwa wa kudumaa unaoenezwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani, na pia na vipando ambavyo jirani humpa jirani kwa wema. Shamba zima linageuka manjano na fupi. Aliyekuwa na jani la aina moja tu alibaki na zizi tupu.

Kuna uvumbuzi mmoja wa Afrika Mashariki unaostahili kujulikana na kila mwanafunzi wa kilimo. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, watafiti wa ICIPE pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walipanda desmodi katikati ya mistari ya mahindi na mabingobingo kuzunguka shamba. Harufu ya desmodi inawafukuza nondo wanaotaga mayai ya funza wa mabua. Harufu ya mabingobingo inawaita, wanataga huko, na wadogo wao wengi wanakufa kwa utomvu wa jani hilo. Tena mizizi ya desmodi inaizuia kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi: inaiamsha mbegu yake kisha inaikosesha pa kushika. Mkulima anavuna mahindi zaidi, na mimea yote miwili aliyoipanda kama askari ni malisho. Hapa chakula cha mtu na abb ya mnyama vimesaidiana badala ya kunyang'anyana.

Kinachorudi shambani, kinachopanda angani

Swali la tatu lilikuwa samadi. Wengi hudhani nyasi ni za bure kwa sababu hazina bei. Tani 16 za majani makavu huondoka shambani na kilo 200 na zaidi za nitrojeni, mbali na potasi na fosforasi. Kata, beba, kata, beba. Baada ya miaka michache bila kurudisha kitu, shamba linachoka na jani linakuwa jembamba kama uzi. Habari njema ni kwamba takriban robo tatu ya nitrojeni aliyokula ng'ombe hutoka tena kwa mavi na mkojo. Habari mbaya ni kwamba mkojo ndio wenye sehemu nyepesi zaidi, na katika zizi la udongo lisilo na paa wala matandiko unazama chini au unageuka hewa. Mabua ya mahindi chini ya mnyama, bati chakavu juu, na shimo la samadi lililofunikwa kwa majani ya migomba: vitu hivi vya kawaida vinaweza kuokoa mbolea nyingi kuliko mfuko wa dukani.

Na methani? Ng'ombe akila, vijidudu vya tumboni mwake huzalisha gesi hiyo, na hupoteza kwa njia hiyo asilimia 6 hadi 7 ya nguvu ya chakula chake. Kwa miaka 100, methani hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Majani laini yaliyochanganywa na kunde hupunguza methani kwa kila lita ya maziwa, maana ng'ombe anatoa maziwa mengi zaidi. Haimaanishi kwamba ng'ombe mwenyewe anatoa gesi kidogo. Tuseme ukweli huo bila kujitwika dhambi za wengine: anayekula nyama mara moja kwa wiki Kamenge si sawa na anayeila mara tatu kwa siku kwingineko.

Haki ya aliyefungwa, haki ya asiye na shamba

Sisi ni wanafunzi Waislamu, na fiqhi ina la kusema hapa kuliko tunavyodhani.

Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka tunaisimulia watoto wa madrasa. Tazama kosa lake lilivyotajwa: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia vya ardhini. Sheria ya kufugia zizini inaondoa ile njia ya tatu. Basi haki ya mnyama inabaki shingoni mwa mfugaji peke yake, kiangazi na masika, na anayemfunga mbuzi kwa kamba ya mita mbili toka asubuhi bila majani wala maji hawezi kujitetea kwamba anatii sheria ya nchi.

Fiqhi ya zaka nayo inatofautisha mnyama anayejilisha nyikani, saima, na anayelishwa zizini, maalufa. Kwa Imamu Shafii, Abu Hanifa na Ahmad, zaka ya mifugo ni kwa saima. Imamu Malik anaiwajibisha kwa wote wawili. Nisabu ya ng'ombe ni 30 na ya mbuzi ni 40, kwa hiyo wachache kwetu wanaguswa. Lakini hoja ya jumhuri ni nzuri kwa somo letu: waliona kwamba kulisha ni gharama, na gharama ina hukumu yake.

Imepokewa pia kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Wanazuoni wameeleza kwamba hayo ni malisho yaliyoota yenyewe. Alichopanda mtu katika ardhi yake ni mali yake. Kwa hiyo anayeingia usiku na mundu kwenye mstari wa jirani hana kinga katika hadithi hii. Ila swali la asiye na ardhi linabaki. Zamani mbuzi wake wawili walikula kando ya barabara na mabondeni, katika kile cha wote. Sasa wamefungwa, naye hana hata ukingo wa kupanda.

Umar (r.a.) alikutana na swali linalofanana na hilo. Alipomweka Hunayy, mtumwa wake aliyeachwa huru, asimamie hima, yaani malisho yaliyotengwa na dola, alimwelekeza amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awe mwangalifu na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan. Sababu yake ilikuwa wazi: mifugo ya hao matajiri ikifa, wana mitende na mashamba ya kurejea, ya maskini ikifa, atakuja na watoto wake kwa Amirul Muuminin. Hima ilikuwa njia ya kulinda ardhi isiliwe ikaisha, na palepale mlango wake uliwekwa upande wa mnyonge. Kingo za barabara zetu, miteremko ya umma iliyobaki mitupu na kandokando ya mitaro ya zoni zingeweza kupandwa nyasi kwa utaratibu huo, zamu za kukata zikipewa kwanza wasio na mashamba. Hilo halihitaji mfadhili kutoka nje. Linahitaji kilima kikubaliane na kiandike majina.

Kwa darsa ya wiki ijayo

Kila kundi lichague kilima kimoja cha upande wa Isale au Kanyosha, na liombe ruhusa kwa wenyeji kabla ya kutembea mashambani. Hesabuni mistari ya nyasi mnayoiona na mpime urefu wake kwa hatua. Andikeni ni jani gani, limekatwa lini, na chini yake pamepandwa nini. Ulizeni samadi inawekwa wapi na kiangazi mnyama anakula nini kuanzia Juni hadi Septemba. Swali hilo la mwisho ndilo watu hulijibu kwa kirefu, kwa hiyo kaeni msikilize. Kisha mrudi na hesabu: kwa kilo 400 kwa kila mita 100, kilima hicho kinaweza kulisha mbuzi wangapi, na wamefungwa wangapi.